Mstari wa Tano

Kabla sijamsifu niseme ukweli: Msomaji alikuwa anaiba karata. Kila Jumamosi alasiri tulicheza kwenye veranda ya ghorofa ya tatu, pale mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, mimi na yeye na jirani yeyote aliyekosa kazi ya kufanya, na sikumbuki siku aliyoshinda kwa haki mara mbili mfululizo. Karata moja ilikaa ndani ya leso aliyojifunga kiunoni, nyingine chini ya kikombe cha chai. Ukimfuma, haoni haya hata kidogo. Anakutazama juu ya miwani, anasema, "Daktari, mchezo ni mchezo, kioo ni kioo," halafu anachanganya karata upya.

Mimi si daktari. Ni mtu wa maabara katika zahanati ndogo upande wa mtaa wa Baba Dogo, na kazi yangu ni kuchungulia damu za watu kwenye hadubini nikitafuta vijidudu vya malaria. Nilimweleza hivyo siku niliyohamia mlango wa pili kutoka kwake. Hakuniuliza kwetu wapi wala kama nimeolewa. Aliuliza, "Ukichoka macho unafanyaje?" Nikamwambia naendelea, foleni ni ndefu. Akashusha pumzi, akaniambia jicho lililochoka linaona linachotaka kuona, na kwamba kila baada ya slaidi kumi nitazame dirishani nihesabu hadi sitini. Nilimwona bibi mwenye kisirani. Wiki iliyofuata nikajikuta dirishani, nahesabu.

Jina lake nalijua, ila mtaani hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Shosh, yaani bibi, wapangaji walimwita Msomaji, mimi nilimwita Mama. Hilo la Msomaji alilileta mwenyewe, maana kila aliyemuuliza ujanani alifanya kazi gani alijibiwa, "Nilikuwa msomaji," basi, hakuna nyongeza. Vijana waliokuwa wanaosha magari pale chini waliamini alikuwa akisoma taarifa ya habari redioni. Siku moja wakamwambia, "Shosh, niaje, tusomee news kidogo." Akasimama kwenye ngazi na mfuko wake wa sukuma wiki, akawasomea matangazo yote ya vyumba vya kupanga yaliyobandikwa ukutani, kwa sauti nzito, bila kucheka, mpaka namba ya simu ya mwisho. Wakampigia makofi. Tangu siku hiyo hakubeba mzigo kupanda zile ngazi.

Alichokuwa akisoma ni vioo. Nitaeleza kama alivyonieleza yeye, kwa sababu nikieleza kwa njia yangu naharibu.

Huko juu kabisa, kupita mawingu, kuna miale inayotujia usiku na mchana kutoka mbali ambako hakuna aliyefika. Mingi hutufikia ikiwa imeshagonga hewa na kuvunjika vipande. Anayetaka kukamata mwale ukiwa mzima lazima aufuate juu. Basi watu walichukua kioo cha ukubwa wa kiganja, wakakipaka utando mzito wa dawa ya picha, wakakifunga kwa karatasi nyeusi kisipigwe na mwanga, wakakipanga na wenzake ndani ya kisanduku, na kisanduku wakakining'iniza chini ya puto. Puto hilo likijaa lilikuwa kubwa kuliko kanisa. Lilipanda mpaka mahali ambapo hewa imekaribia kwisha, likakaa huko saa kadhaa, kisha kisanduku kikashuka kwa mwavuli na watu wakakikimbilia kwa lori, wakiuliza wachungaji wa ngamia kama wameona kitu kikianguka. "Hapakuwa na kamera huko juu," Msomaji alisisitiza, maana wengi walidhani hivyo. "Mwale unajipiga picha wenyewe. Unapita ndani ya utando, unaacha nukta nyeusi njiani, moja, moja, moja. Ukiziunga nukta unapata mstari. Kuziunga ndiyo kazi."

Vioo vilioshwa kwa dawa katika chumba cha giza, polepole, ndani ya maji baridi, kisha vikapelekwa kwa wanawake waliokaa mbele ya hadubini kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Mmoja wao alikuwa yeye, katika maabara fulani hapa Nairobi ambayo imeshafungwa zamani. Walitafuta hasa mahali ambapo mwale umegonga kitu kigumu ndani ya utando na kupasuka, mistari ikaruka pande zote. Hiyo waliiita nyota. Wazazi wa mtaani wakisikia habari zake walimletea watoto awafundishe majina ya nyota. Aliwaambia wasimsumbue, nyota za juu hazijui, yeye alifanya kazi na nyota za ndani ya kioo. Na kweli sikumwona hata siku moja akitazama angani, isipokuwa kuona kama mvua itamloweshea nguo.

Lakini nguo hizo hizo akizianika juu ya paa, ghafla anakushika mkono, anakifungua kiganja. "Hesabu," anasema. Unahesabu moja, mbili, tatu. "Kila ukitaja namba, mwale mmoja umekupita hapa. Umetoboa mkono, umetoboa paa, umepita chumbani kwa caretaker na yeye hana habari." Halafu anaongeza kwa majivuno kwamba sisi wa Ikweta tunapata michache lakini mikorofi, maana sumaku ya dunia inaisukuma pembeni ile minyonge. Alilisema hili mbele ya wageni kutoka nchi za baridi kana kwamba ni kosa lao.

Kitu kimoja cha kazi ile alikibeba maisha yake yote, nacho ni sheria ya bahasha. Kila kioo kilisomwa na watu wawili. Wa kwanza akimaliza alijaza fomu, akaifunga ndani ya bahasha. Kioo kikaenda kwa wa pili, ambaye hakuambiwa lolote. Wasomaji walikatazwa kabisa kuzungumza juu ya kioo, iwe kwenye chai, iwe njiani kurudi nyumbani, mpaka msimamizi afungue bahasha zote mbili. Zikipingana, aliwaita wote wawili kwenye hadubini moja, wakakaa bega kwa bega, na hapo ndipo waliporuhusiwa kufungua mdomo.

Tulitawaliwa na sheria hiyo jengo zima. Nakumbuka mama wa chumba namba saba na mke wa seremala walipogombania shuka la maua lililoanikwa juu ya paa, kila mmoja akiapa ni lake, lina kiraka pembeni. Walifika hatua ya kutajiana wakwe. Msomaji akamweka mmoja jikoni kwake, mwingine kwenye ngazi, kila mmoja akapewa karatasi na kalamu achore kiraka na mahali kilipo, aandike na rangi ya uzi. Alipofungua karatasi, viraka vilikuwa viwili tofauti, kona tofauti, na hakuna kilichofanana na kile cha kwenye shuka isipokuwa cha mke wa seremala. Sisi tukaanza kumzomea namba saba. Msomaji akatunyamazisha, akasema mtu hawezi kubuni kiraka chenye uzi wa zambarau, huyu naye ana shuka lake, litafuteni. Tulilikuta limepeperushwa paa la jirani, limenasa kwenye tangi la maji.

Hata hospitalini hakuacha. Goti lilipomsumbua alikwenda kwa daktari wa kwanza, kisha wa pili, na wa pili alipomuuliza yule wa kwanza alisemaje, alijibu, "Hiyo bahasha haijafunguliwa."

Usidhani basi alikuwa mtakatifu. Nje ya kioo alikuwa mwongo hodari. Umri wake ulipungua kila mwaka. Akina mama wa kanisa wakimtembelea aliwaambia sukari imekwisha, na mimi nimeketi juu ya mfuko wa kilo mbili. Aliwahi kumwambia pasta kwa simu kwamba amefunga na anaomba, huku akinionyesha kwa kidole nimwongezee chapati. Radi ikipiga alijificha nyuma ya mlango wa choo, yeye ambaye aliwahi kuishi kwa kutegemea vitu vinavyoanguka kutoka juu. Nilimcheka sana kwa hilo. Nilimpenda kwa hayo yote, na ningependa ijulikane.

Habari ya kioo chake mwenyewe niliipata kwa njia ya mchele. Jikoni kwake kulikuwa na debe la mchele ambalo halikupungua. Siku moja jirani mmoja, kwa wema tu, akaamua kumpikia, akatumbukiza kikombe na kugonga kitu. Akatoa kifurushi cha kitenge, ndani yake kipande cha kioo chenye rangi ya chai ya rangi. Msomaji alikinyakua kabla hakijawekwa mezani. Nikamuuliza kwa nini mchele. Akasema utando ule unaogopa unyevu, unaota ukungu, na mchele unanyonya maji ya hewa. Maabara ilipofungwa vioo vyote vilitupwa, akaniambia, na watu walivikusanya, wakavisugua kwa maji ya moto utando ukatoka, wakatengenezea fremu za picha za harusi. Yeye alichukua kimoja tu. Nikauliza kina nini. "Siku moja utanisomea," akasema, "kwa hiyo siwezi kukuambia."

Kisha akaugua. Alikuwa ametoka mazishini upande wa ziwa, akarudi na homa, nami ndiye niliyemchukua damu asubuhi hiyo pale zahanati. Niliona vijidudu. Kwa kuiheshimu sheria yake nikampa slaidi mwenzangu Halima, tunayekaa naye meza moja ya maabara, bila kumwambia ni ya nani wala nimeona nini. Halima ni mtu wa Eastleigh, mchache wa maneno, na haandiki kitu asichokiona hata umkemee. Naye akaviona. Tukamtundikia Msomaji dripu, nikaketi naye mchana kutwa, na homa ilipompanda akaanza kusema. "Minne minene. Wa tano mwembamba. Fuata chini. Fuata chini, unakata kushoto." Akarudia na kurudia, kidole chake kikizungusha kitu hewani ambacho mimi nilikijua, kile kigurudumu cha pembeni cha hadubini kinachokushusha ndani zaidi. Halafu akanishika koti la kazi na kusema, waziwazi kabisa, "Sikuongeza chumvi."

Alipopona hakukumbuka lolote, nami sikumwambia. Lakini ugonjwa ule ulimtia haraka. Jumamosi moja aliweka karata chini, akanisimulia kisa chote isipokuwa kioo kina nini.

Kulikuwa na mwenzake wa meza ya pili. Walianza kazi wiki moja, walikula chakula kutoka sufuria moja, na mmoja alimsimamia mwenzake harusi. Kioo hicho walikisoma wote wawili. Kwa nyota isiyo ya kawaida fomu ilikuwa na visanduku viwili, ipo na haipo. Msomaji aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika kioo kingine, akatia alama kwenye ipo. Mwenzake akatia haipo. Kwa sheria, msimamizi alipaswa kuwaita wote wawili wakae kwenye hadubini moja. Hakuwaita. Alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao, puto la mwisho lilikuwa limesharushwa, hakuwa na muda. Aliifuta tu alama ya Msomaji. Msomaji alipokwenda kulalamika aliambiwa mbele ya watu kwamba anaona anachotaka kuona, anaongeza chumvi ili asifiwe, na kesho yake akaondolewa kwenye hadubini, akapelekwa kuosha vioo mpaka maabara ilipofungwa.

"Na mwenzako?" nikamuuliza.

"Sikumsemesha tena."

"Mpaka leo?"

"Anakaa Huruma."

Kutoka Lucky Summer hadi Huruma ni mwendo ambao hata goti lake lingeuweza. Zaidi ya miaka arobaini alikuwa akizungukia njia nyingine kwenda sokoni ili asikutane naye. Nikamwambia, Mama, kwa ajili ya alama ya kalamu? Akakasirika. "Alama ile ilisema mmoja wetu ni mwongo," akasema. "Mwanzoni nilijua ni yeye. Sasa sijui tena. Najua ninavyoiba karata, najua ninavyowadanganya akina mama wa kanisa. Labda na siku ile nilidanganya nikajisahau. Nataka kujua kabla sijafa, Daktari, na sitaki nibembelezwe." Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno la kufa.

Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo mwenyewe hangeweza kukisoma hata angepata hadubini. Alinifundisha mimi. Alinitaka nizoee kushuka ndani ya slaidi za damu nzito, bila kutoa kidole kwenye kigurudumu, kwa sababu ndani ya utando mstari hauko juu tu, unazama, na ukisimamisha kidole umeupoteza. "Kidole kisitulie," alikuwa akinipigia kelele kutoka mlango wa pili nikitoka kwenda kazini, na wapangaji wengine wakawa wananisalimia hivyo hivyo.

Jumapili moja akanipa kioo. Zahanati ilikuwa kimya, wengi wamekwenda kanisani. Kona moja ina kidoa cha wino, nikaanzia hapo, nikapita safu kwa safu, na saa nane kasoro nikaipata nyota. Mistari minne minene, haina ubishi. Na wa tano mwembamba, nukta zake mbalimbali, unazama na kuzama, kisha unakata kushoto. Niliuona mara moja. Nilikifunga kile kioo, nikatoka mbio nusu, nikicheka peke yangu barabarani, mpaka nikafika kwa yule mama anayekaanga viazi karai karibu na jengo letu. Hapo nikasimama. Nilijiuliza kama ningeuona iwapo nisingeambiwa upo wapi na unakata upande gani. Nikajaribu kukumbuka zile nukta bila sauti yake ya homa masikioni, nikashindwa.

Nilimkuta amevaa gauni lake la Pasaka. Mezani ameweka karatasi aliyoichora mwenyewe kwa mkono usioona vizuri, visanduku viwili, ipo na haipo, na kalamu kando. Hakuniuliza kitu, kwa sheria. Alingoja tu, uso umegeukia upande nisiosimama. Kutia alama moja kungenichukua sekunde moja, na angelala akiwa na amani, na sina hakika kama ningekuwa nimedanganya. Nilitaka sana kuitia. Nakiri hilo.

"Mama, macho yangu yameharibika," nikasema. "Ulipokuwa na homa ulisema."

"Nilisema nini?"

"Yote. Mpaka kushoto."

Aliipapasa ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya leso pale anapoweka karata za wizi. "Basi huwezi kusoma," akasema. "Unanikubalia tu." Nikasimama mlangoni kama mwizi. Jumamosi hiyo hakuja verandani, wala iliyofuata. Nilipika chapati nikapeleka, zikapokelewa na mkono bila uso.

Wiki ya tatu akabisha kwangu mwenyewe, asubuhi, nikiwa napiga mswaki. "Yule mwenzako aliyesoma damu yangu. Anajua lolote?"

"Halima? Hajui hata kama una kioo."

"Usimwambie kina nini. Usimwambie ni cha nani. Usimtazame akisoma, una uso unaosema." Akanipa ile karatasi, bado imekunjwa.

Halima alikisoma siku tatu, wakati wa mapumziko ya chakula, akinung'unika. "Hii ni damu ya nani, imekauka hivi?" Nikamwambia si damu, atafute mahali mistari inapokutana, aandike anachokiona, basi. Niliketi nimempa mgongo siku zote tatu, nikitazama kalenda ya ukutani. Siku ya tatu alinirudishia kioo na karatasi bila neno, akaenda kuswali.

Nilimsomea Msomaji jioni hiyo hiyo, jua bado lipo, mlango wazi. Visanduku vyote viwili vilikuwa vitupu. Katikati yake Halima alikuwa amechora kisanduku cha tatu kwa penseli, ndani ameweka alama ya kuuliza, na chini ameandika: mistari minne. Huenda na wa tano, mwembamba sana. Sijui kama ni mstari au ni uchafu.

"Hakutia alama?"

"Ameandika katikati."

"Fomu haina katikati."

"Amejichorea."

Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akaniambia nisome pale penye sijui. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, nafikiri hakuyajua. "Kwa hiyo palikuwa na kitu cha kugombania," akasema. "Sikukitoa kichwani." Halafu akasimama, akajifunga leso. "Kesho nitafutie tuktuk. Tunakwenda Huruma."

Yule mwenzake alikuwa anakaa na binti yake kwenye ghorofa ya chini, mlango unaotazama uchochoro wa mabomba ya maji. Tulimkuta kwenye kigoda, anachambua maharagwe ndani ya ungo, mwanamke mdogo mwenye miwani minene kuliko ya Msomaji. Aliinua kichwa kwa sababu ya mlio wa fimbo ya Msomaji, si kwa sababu ametuona.

"Ni mimi," Msomaji akasema.

"Najua ni wewe. Ulikuwa unaburuta mguu huo huo." Akasogeza ungo. "Kaa."

Msomaji hakukaa wala hakusalimia. "Kile kioo. Ulitia haipo."

"Nilitia." Yule mama akanigeukia. "Na huyu ni nani?"

"Mtu wa maabara. Ameshaharibika, anajua yote. Sema mbele yake. Uliona nini?"

Aliokota jiwe kwenye maharagwe, akalitupa uchochoroni. "Minne," akasema. "Na vumbi. Vumbi lililojipanga vizuri kuliko vumbi. Nilikaa nalo mpaka saa kumi, macho yakauma. Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Sikuwa na hakika, na asiye na hakika tulifundishwa atie haipo, nikatia."

"Na ulikuwa na shaka."

"Nina shaka mpaka leo. Wakati mwingine nikioga naziona zile nukta."

Sauti ya Msomaji ilipanda. "Waliniita mwongo. Niliosha vioo mpaka vidole vikachubuka, wewe umekaa kwenye hadubini, na ulikuwa na shaka. Kwa nini hukuniambia?"

Yule mama alimtazama, au alitazama pale sauti ilipotoka. Alionekana kushangazwa kweli na swali. "Tulikatazwa kuzungumza juu ya kioo mpaka tuitwe," akasema. "Nilingoja tuitwe. Hakutuita."

Uchochoroni mtu alikuwa anajaza mitungi ya maji. Mimi nilitaka kuwazaba makofi wote wawili, wanawake wazima, zaidi ya miaka arobaini, kwa sheria ya mtu aliyepanda ndege akaenda zake. Kisha nikamwona Msomaji akitafuta kiti kwa mkono.

"Mimi pia nilingoja," akasema, na akakaa.

Walinituma maziwa ya chai. Niliporudi, kigoda kilikuwa kimesogezwa dirishani, kile kitenge cha kioo kiko sakafuni juu ya ungo wa maharagwe, nao wamekaa bega kwa bega wamekiinua kioo kwenye mwanga kwa mikono yao minne. Kwa macho matupu hakuna mtu duniani anayeweza kuona chochote ndani yake, sembuse wao. Mwenzake alikuwa anasema unakata kulia. Msomaji anasema kushoto. Niliweka maziwa mezani na hakuna aliyegeuka.

"Shuka kidogo," Msomaji alikuwa anamwambia, na kidole chake kinazunguka hewani. "Shuka. Umeupita."